LEVI STRAUSS NA SURUALI YA WATU WA PORINI

Askari aliyewahi kupiga doria ya siku nyingi msituni anafahamu kwamba suruali haiharibiki yote kwa mara moja. Uharibifu huanzia mahali padogo: kwenye pembe ya mfuko uliojazwa vitu vizito, au pale miguu miwili ya suruali inapokutana. Mshono ukiachia hapo, mwiba wa kwanza huongeza tundu, na baada ya siku chache vazi lililogharimu fedha nyingi huwa tambara. Maarifa hayo, ambayo leo yaonekana kuwa madogo, ndiyo yaliyolifanya jina la marehemu Levi Strauss lijulikane dunia nzima. Hata hivyo, maarifa yenyewe hayakutoka kichwani mwake. Sifa yake ni kwamba aliyatambua yalipoletwa mbele yake na mtu maskini kuliko yeye, wala hakumnyang'anya.

Levi Strauss alizaliwa tarehe 26 Februari, 1829, katika kijiji cha Buttenheim, kwenye ufalme wa Bavaria, ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Löb. Jamaa yake walikuwa Wayahudi, na katika nchi ile Myahudi hakuwa raia kamili. Sheria iliweka idadi ya nyumba za Wayahudi katika kila mahali, na kijana aliyetaka kuoa na kuanza maisha yake alilazimika kungoja mpaka nafasi ipatikane. Baba yake, mchuuzi wa bidhaa ndogondogo, alifariki dunia mwaka 1846 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Mwaka uliofuata mjane huyo alivuka bahari pamoja na Levi na dada zake wawili, wakaenda New York, ambako ndugu wakubwa wa Levi, Jonas na Louis, walikuwa tayari wanafanya biashara ya vitambaa.

Huko Levi alijifunza biashara. Mwaka 1853 alipata uraia wa Marekani, na mwaka huohuo akasafiri hadi San Francisco, katika pwani ya magharibi. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa California mwaka 1848, na maelfu ya watu walikuwa wamemiminika huko kutoka kila upande. Levi hakwenda kuchimba. Alifungua duka la jumla la kuuza nguo, blanketi, vitambaa na mahitaji mengine kwa wenye maduka madogo ya bara, akisaidiana na shemeji yake, David Stern.

Hapa yafaa tuondoe hadithi moja ambayo imesimuliwa mara nyingi. Husemwa kwamba Levi alifika California na shehena ya turubai za mahema, akaona wachimbaji wanavaa matambara, ndipo akaanza kukata turubai zile kuwa suruali. Hadithi hiyo yapendeza masikioni, lakini si kweli. Kwa muda wa miaka karibu 20 Levi Strauss alikuwa muuzaji tu. Aliyeshika sindano alikuwa mtu mwingine.

Mtu huyo ni Jacob Davis, fundi cherehani aliyezaliwa Riga mwaka 1831, akahamia Marekani, akajaribu kazi nyingi bila ya kupata faida. Hatimaye alikaa Reno, mji mdogo wa reli katika jimbo la Nevada. Huko alishona mahema, vifuniko vya magari ya kukokotwa na farasi, na blanketi za farasi. Kitambaa chake kizito alikinunua kwenye duka la Levi Strauss.

Mwishoni mwa mwaka 1870, au mwanzoni mwa 1871, mwanamke mmoja alimwendea Davis. Mumewe alikuwa mkata kuni, mtu mwenye mwili mkubwa, na suruali zake zilikuwa zikichanika upesi mno. Mwanamke alitaka suruali imara, akalipa dola 3 kabla ya kazi kuanza. Davis alikata kitambaa kizito cheupe cha pamba, akashona. Juu ya meza yake palikuwa na ribiti, yaani vile vipini vifupi vya shaba alivyotumia kufungia mikanda kwenye blanketi za farasi. Akafikiri kwamba kinachoweza kustahimili mvuto wa farasi kitastahimili pia mkono wa mkata kuni. Basi akapigilia ribiti kwenye pembe za mifuko.

Ndugu msomaji, yatazame vizuri mambo yaliyofanyika hapo. Davis hakuifanya suruali nzima kuwa nzito zaidi, kwa maana uzito humchosha mvaaji na huongeza gharama. Alichunguza ni mahali gani pachache vazi huvutwa kwa nguvu, akapaimarisha hapo tu kwa kipande cha shaba chenye thamani ndogo. Habari zilienea miongoni mwa wapima ardhi, waendesha magari ya farasi na watu wengine wa kazi za nje. Katika miezi 18 aliuza suruali kama 200, akashindwa kutimiza mahitaji ya wateja.

Davis alihofu kwamba mafundi wengine wangemwiga. Hakuwa na fedha za kuomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, ambayo ada yake ilikuwa dola 68. Mwezi Julai, 1872, alimwandikia Levi Strauss, akampelekea suruali mbili za mfano, akaomba washirikiane. Tajiri yule angeweza kuzifumua suruali zile, akajifunza siri, kisha akanyamaza. Hakufanya hivyo. Alilipia maombi, na ingawa ofisi iliyohusika iliyakataa zaidi ya mara moja, hati nambari 139,121 ilitolewa tarehe 20 Mei, 1873. Jina la mvumbuzi katika hati hiyo ni Jacob Davis, na haki ikawa yake pamoja na kampuni ya Levi Strauss. Davis alihamia San Francisco kusimamia ushonaji, akaendelea na kazi hiyo mpaka karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka 1908.

Suruali hizo zilishonwa kwa kitambaa cha dangirizi cha buluu, ambacho vijana hukiita jinzi. Mwaka 1886 kampuni iliweka lebo ya ngozi yenye picha ya farasi wawili wakiivuta suruali moja pande mbili bila ya kuichana, ili hata mnunuzi asiyejua kusoma afahamu sifa ya bidhaa. Mwaka 1890 muda wa hati ulikwisha, na kila kiwanda kikawa huru kutumia ribiti.

Hata hivyo, maisha haya yana doa ambalo si haki kulificha. Katika miaka ya 1880, chuki dhidi ya wafanyakazi wa Kichina ilipopamba moto huko California, kampuni ya Strauss ilitangaza kwamba nguo zake zilishonwa na wafanyakazi weupe peke yao, na maneno hayo yalichapwa hata ndani ya suruali. Mtu ambaye jamaa yake walikimbia sheria za ubaguzi aliruhusu ubaguzi uwe tangazo la biashara yake. Wema wake kwa Davis hauwezi kulifuta jambo hilo.

Levi Strauss hakuoa. Aliwataka wafanyakazi wake wamwite Levi tu. Mwaka 1897 alitoa fedha za kuwasomesha wanafunzi 28 katika Chuo Kikuu cha California, na katika wasia wake alikumbuka nyumba za yatima za Wayahudi, za Wakatoliki na za Waprotestanti. Alifariki dunia tarehe 26 Septemba, 1902, akawaachia biashara wapwa zake wanne.

Yule anayenunua suruali ya porini, awe mwindaji mwenye kibali, askari wa wanyamapori au polisi wa mpakani, bado aweza kufaidika na maarifa ya fundi wa Reno. Asidanganywe na bei kubwa wala rangi. Aigeuze suruali ndani nje, avute pembe za mifuko, atazame kama mshono wa mapajani umerudiwa, na apime kama anaweza kuchuchumaa bila ya kubanwa. Akumbuke pia kwamba pamba nzito ikilowa hukawia kukauka, hivyo dangirizi yafaa nchi kavu yenye miiba kuliko msitu wa mvua. Hata ribiti yenyewe ina mipaka yake: ile iliyowekwa mapajani iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mtu aliyechuchumaa karibu na moto wa kambi aliweza kuungua nayo. Suruali bora ni ile iliyoimarishwa na mtu aliyejua kwanza inachanikia wapi.