August Krogh: Mafuta, wanga na pumzi ya mwanamichezo

Mwanao anapokimbia mbio ndefu, misuli yake huunguza mafuta na wanga kwa pamoja. August Krogh, aliyezaliwa Denmark mwaka 1874, ni miongoni mwa waliotuonyesha hilo.

Yeye na mwenzake Johannes Lindhard waliwalisha watu mafuta mengi kwa siku kadhaa, kisha wanga mwingi. Wakawaendeshesha baiskeli ya mazoezi huku wakipima hewa waliyovuta na waliyotoa. Matokeo yalitoka 1920: walipokula mafuta walichoka zaidi, na kazi ileile ilihitaji nguvu nyingi zaidi. Mwaka huohuo Krogh alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa mishipa midogo ya damu.

Mkewe Marie, ambaye naye alikuwa daktari, aliugua kisukari. Pasipo insulini ya kutosha, misuli hushindwa kutumia sukari vizuri. Mwaka 1922 Krogh alikwenda Toronto, Kanada, akarudi na ruhusa ya kutengeneza insulini. Marie aliishi hadi 1943. Krogh alifariki 1949.

Basi, usimnyime mwanao wanga kabla ya mbio ndefu. Kama ana kisukari, muulize daktari kwanza.