Clara Schumann, Mpiga Piano

Clara Wieck alizaliwa mwaka wa 1819 katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Baba yake, mwalimu wa piano, alimfundisha kwa ukali, na alipokuwa na miaka 9 tu alipiga mbele ya watu. Sifa zake zikaenea Ulaya. Alipotaka kuolewa na Robert Schumann, mtunzi wa muziki, baba yake alikataa katakata, hata shauri likafika barazani. Wakaoana mwaka wa 1840.

Mwaka wa 1854 Robert alirukwa na akili, akajitupa katika mto Rhine. Akaokolewa, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Clara alikuwa mja mzito, naye alikuwa na watoto sita wa kulisha. Mzigo ulioje huo! Alipokwisha kujifungua hakukaa siku nyingi. Akashika njia, akipiga piano mji kwa mji, hata Uingereza, ili wanawe wasikose chakula wala masomo. Waganga hawakumruhusu kumwona mumewe mpaka Julai 1856, siku mbili tu kabla hajafa.

Tangu hapo alizidi kupiga tungo za Robert, nao wengi wakazipenda kwa ajili yake. Mara ya mwisho alipiga mbele ya watu mwaka wa 1891, akiwa na miaka 71. Alifariki Frankfurt mwaka wa 1896.