Mdachi Aliyechuma Mbolea Hewani

Ndugu msomaji, kama umekulia Lamu huna haja ya kuelezwa harufu ya amonia. Ni ile inayokupiga puani alfajiri unapopita penye zizi la punda lisilofagiwa, ukatokwa na machozi kabla hujafika msikitini. Harufu hiyo hiyo niliikuta mwaka jana mbali sana na bahari, huko Bomet, nyumbani kwa mzee mmoja wa Kikipsigis mwenye ekari mbili za chai. Mifuko yake ya mbolea ilikuwa imepangwa nje, mmoja umelowa mvua, nami nilipouinamia nikachomwa pua hadi nikarudi nyuma. Mzee alicheka sana. Kisha akanisimulia habari za mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei, mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000 madukani. Hakuweza kununua wa kutosha, na majani ya upande mmoja wa shamba yakageuka manjano.

Mimi ni karani wa zamani wa ghala la chai Mombasa. Chai ya Kericho na Bomet hutushukia kwa malori, maana mnada wake uko Mombasa tangu 1969, na mbolea huwapandia wao kutoka Kilindini. Miaka yote hiyo niliandika mizigo ikishuka na ikipanda, nisijiulize hata siku moja ni nani aliyewezesha mbolea ile kupatikana. Nilipoanza kuuliza nilipewa jina la Fritz Haber. Habari zake nimeona niwasimulie leo, kwa kuwa kitu alichokitengeneza kinatajwa tena siku hizi, wala si kwa ajili ya mbolea peke yake. Wataalamu wanataka kiendeshe meli.

Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Wadachi zamani hizo na leo uko Poland kwa jina la Wrocław. Mama yake alifariki wiki chache baada ya kumzaa. Baba yake, Myahudi, alikuwa mfanyabiashara wa rangi na dawa za viwandani. Kijana akasomea kemia, akabatizwa mwaka 1892, na mwaka 1894 akaingia kufanya kazi katika chuo cha Karlsruhe. Alikuwa mtu wa bidii, mwenye kupenda nchi yake kupita kiasi. Neno hili msomaji aliweke moyoni.

Shida ya dunia wakati huo ilikuwa naitrojeni. Hakuna mmea unaostawi bila hiyo, na mchai ndio zaidi, kwani kila mara tunauchuma majani yenyewe na kuyapeleka zake. Hewa tunayovuta imejaa naitrojeni, zaidi ya robo tatu yake, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewani. Ulaya ilikuwa ikiagiza chumvi ya mbolea kutoka jangwa la Chile, na watu wenye akili walianza kuogopa siku itakapokwisha. Amonia yenyewe haikuwa ngeni: chumvi yake ilijulikana tangu kale kwa Waislamu kwa jina la nushadir, na vitabu vinavyonasibishwa na Jabir bin Hayyan vinaitaja. Kilichoshindikana ni kuitoa hewani.

Haber aliiweza, akisaidiwa na Mwingereza mmoja, Robert Le Rossignol. Alichukua naitrojeni ya hewa na haidrojeni, akazibana kwa nguvu ipatayo mara 200 ya mbano wa hewa ya kawaida, akazipitisha kwenye moto wa zaidi ya digrii 500 penye madini adimu ya kuchochea. Tarehe 2 Julai 1909 wakuu wa kampuni ya BASF walisimama mbele ya mtambo wake na kuona amonia ikidondoka tone kwa tone. Mhandisi Carl Bosch akaukuza mtambo huo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Leo wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya watu duniani wanalishwa na mbolea za asili hiyo.

Lakini angalia hapa. Naitrojeni ilitoka hewani bure. Haidrojeni je? Hiyo ilitolewa kwa makaa ya mawe na mvuke, baadaye kwa gesi ya ardhini, na moshi wake ukaachwa upande angani. Hata sasa kazi ya kutengeneza amonia hutoa zaidi ya sehemu moja katika mia ya hewa chafu ya kaboni inayotokana na nishati duniani kote.

Mwaka 1914 vita vikaanza. Manowari za Waingereza zikawazibia Wadachi njia ya Chile, na amonia ya Haber, iliyokusudiwa mashamba, ikageuzwa kuwa baruti. Yeye mwenyewe hakutosheka na hayo. Alijitolea kuongoza kazi ya gesi ya sumu, na tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, alikuwako vitani mitungi ya klorini ilipofunguliwa, tani 150 hivi, upepo ukaipeleka upande wa pili. Katika waliokuwa kwenye mahandaki yale ni askari wa jeshi la Ufaransa waliotoka Algeria, Waislamu wengi miongoni mwao, waliovushwa bahari kupigana vita visivyo vyao. Walikufa wakishika makoo. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Siku kumi baadaye, tarehe 2 Mei, mkewe Clara Immerwahr alijiua kwa bastola ya mumewe. Clara naye alikuwa mwanakemia, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika chuo cha Breslau. Sababu yake watu wanabishana hadi leo. Wako wanaosema ni ile gesi, wako wanaosema ni ndoa iliyomnyima kazi yake. Mume aliondoka mara kwenda vita vya upande wa mashariki, akamwacha mwana wao Hermann ambaye hajatimiza miaka kumi na mitatu. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado sijui nimweke wapi baba wa namna hiyo.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 akapewa yeye, kwa amonia. Wengi walikasirika. Baadaye alipoteza miaka akitafuta dhahabu katika maji ya bahari ili alipe deni la vita la nchi yake, asipate kitu. Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na nchi ile aliyoipenda ikamkumbusha kuwa alizaliwa Myahudi. Alitakiwa awafukuze Wayahudi wenzake kazini. Akajiuzulu, akaenda Uingereza. Alifariki Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari 1934. Dawa ya kuulia wadudu iliyotokana na kazi ya chuo chake ndiyo Wanazi waliyoitumia kuua watu kambini, na jamaa zake wengine wakawemo. Majivu ya Clara yalihamishwa yakazikwa pamoja naye.

Sasa turudi kwenye haidrojeni, kwani hapo ndipo mageuzi ya leo yalipo. Haidrojeni inaweza kutolewa katika maji kwa nguvu ya umeme, na umeme ukiwa wa maji, wa jua au wa mvuke wa ardhini, moshi haupo. Jambo hili si geni: Aswan nchini Misri walikuwa na kiwanda cha mbolea cha namna hiyo tangu 1960, na Kwekwe nchini Zimbabwe walitumia umeme hivyo hivyo hadi 2015. Ulishindwa kwa gharama tu. Septemba 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wake wa haidrojeni, mbolea ikiwa mbele, na karibu na Naivasha, katika shamba la kampuni ya Kenya Nut, kampuni ya Talus ya Marekani imeweka mtambo wa umeme wa jua uliokusudiwa kutoa tani moja hivi ya amonia kwa siku.

Tani moja ya namna hiyo hula yuniti 10,000 hivi za stima. Naitrojeni yake ingetosha mifuko 60 na kidogo ya mbolea ya chai. Huko Kericho makampuni ya chai yana mitambo midogo ya umeme kwenye mito yao tangu zamani, na maji ya milima hiyo hiyo huzungusha mashine za Sondu Miriu. Lakini viwanda vya chai vinautaka umeme huo kwanza.

Habari ya meli inatuhusu sisi wa pwani. Amonia ikiungua vizuri haitoi kaboni hata chembe, na mwaka 2024 huko Yokohama, Japani, tagi iitwayo Sakigake ilianza kuitumia. Kwa uzito ule ule ina nguvu chini ya nusu ya dizeli, na isipobanwa hapana budi ipoozwe hadi digrii 33 chini ya sifuri ndipo iwe maji. Tena ni sumu. Si klorini, lakini nayo huunguza macho na mapafu. Mimi huwaza kivuko cha Likoni asubuhi, watu wamesongamana, na meli kubwa ikipita mbele yao na matangi yake. Ningependa kujua nani atasimama na kipimo cha gesi siku hiyo, na king'ora kitasikika mpaka Mtongwe au la.

Mzee wa Bomet hakujali meli. Alitaka kujua kama mbolea ya jua itakuwa rahisi kuliko ile ya gesi. Nikamwambia bado ni ghali, ila haipandi bei kwa vita vya watu wengine. Alifikiri kidogo, akatazama mawingu upande wa Mau, akaniomba nimshikie upande mmoja tuingize mifuko ndani kabla ya mvua ya alasiri.