Naftali Temu: Dhahabu ya Kwanza na Shutuma ya Hewa

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea nikiwasimulia habari za malenga na manahodha, watu ambao majina yao yalikulia karibu na maji ya chumvi. Leo naomba ruhusa niwatoe ufukweni niwapeleke bara, hata milima ya Kisii na Nyamira, nipate kuwaeleza habari za mtu aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki. Jina lake ni Naftali Temu. Amekwisha kufa zamani, tangu mwaka 2003, na vijana wengi jina hilo hawalitaji. Waulize dhahabu ya kwanza ililetwa na nani, na wengi watakujibu kuwa ni Kipchoge Keino. Keino ni bingwa wa mabingwa, hana wa kumtilia shaka. Lakini haki ya mtu haipotei kwa kuwa jirani yake ni tajiri.

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945 upande wa Sotik, kule nchi ya Wagusii inakopakana na ya Wakipsigis. Watu wake ni wa Nyamira, ambayo zamani ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kisii na leo ni kaunti peke yake. Ni nchi ya vilima juu ya vilima, yenye migomba, mahindi, wimbi na majani chai, na mvua yake ni nyingi. Mtoto wa huko akitumwa, hendi sawasawa kama tunavyokwenda sisi katika vichochoro vyetu. Hana budi apande au ateremke. Sisemi kuwa kupanda mlima ndiko kunakomfanya mtu bingwa, maana wapandao ni maelfu na mabingwa ni wachache.

Wala Temu hakuwa wa kwanza kutoka huko. Kabla yake alikuwako Nyandika Maiyoro, ambaye mwaka 1954 alikwenda Vancouver akawa wa nne katika maili tatu, kisha akawa wa saba katika mita 5000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na wa sita kule Rome mwaka 1960. Alikuwako pia Arere Anentia, aliyerudi na medali ya shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Hao ndio waliofyeka njia, wakati Kenya ingali chini ya bendera ya Mwingereza. Temu alipokuwa kijana, mbio kwa watu wa Kisii zilikuwa zimekwisha kuwa jambo la heshima.

Aliingia jeshini, na jeshi likampa nafasi ya kujizoeza. Mwaka 1964, akiwa na miaka 19, alipelekwa Tokyo akakimbia marathoni na akamaliza wa 49. Huo si mwanzo wa kutungiwa shairi. Mwaka ule medali ya kwanza ya Kenya ililetwa na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, na Temu akarejea mikono mitupu. Mtu mwingine angalivunjika moyo, lakini yeye alirudi mazoezini.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1966, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Kingston, Jamaika. Mfalme wa masafa marefu wakati huo alikuwa Ron Clarke wa Australia, ambaye rekodi za dunia alizivunja moja baada ya moja. Katika maili sita, kila mtu alikuwa akimtazama Clarke. Temu akamfuata mzunguko baada ya mzunguko, kisha akamwacha, akamaliza mbele yake kwa zaidi ya sekunde ishirini. Naomba msomaji aushike vizuri mji huu wa Kingston, maana tutauhitaji mbele. Ni bandari. Uko kando ya bahari, una joto na jasho, sawa na Mombasa.

Kisha ikaja Mexico City mwaka 1968, michezo ya vijana wa dunia nzima, katika mji ulioko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 13 Oktoba iliwekwa fainali ya mita 10,000, mizunguko ishirini na mitano. Keino alikuwamo, lakini alikuwa mgonjwa wa nyongo. Maumivu yakamzidi na akaanguka zikisalia raundi chache. Clarke naye hewa ile nyembamba ilimlemea, akamaliza wa sita, akaanguka hana fahamu, na madaktari wakamtia hewa ya oksijeni.

Mbele wakabaki Waafrika watatu: Mohammed Gammoudi wa Tunisia, Mamo Wolde wa Uhabeshi, na Temu. Katika raundi ya mwisho Mamo Wolde alichomoka, na ilionekana kama mambo yamekwisha. Temu hakubabaika. Alimwandama, akampata walipokuwa katika mstari wa mwisho, akampita. Saa zilionyesha dakika 29, sekunde 27 na nukta nne. Mamo alikuwa nyuma kwa muda usiotimia sekunde moja. Gammoudi akawa wa tatu. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru wake, na bendera yake ikapanda juu kuliko zote.

Temu hakustarehe. Alikimbia mchujo wa mita 5000, na tarehe 17 akaingia fainali. Safari hii Gammoudi alishinda, Keino akawa wa pili, na Temu wa tatu, wote watatu wakiwa katika muda usiotimia sekunde moja na nusu. Tarehe 20 akasimama tena, sasa kwa marathoni, akawa wa 19. Mshindi alikuwa yule yule Mamo Wolde, na wa mwisho kufika alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeumia mguu lakini akakataa kuacha mbio. Hesabu zote hizo, utaona kuwa Temu alikimbia zaidi ya kilomita 60 za mashindano katika siku nane.

Siku ile ile ya marathoni ndipo Keino alipomshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1500. Magazeti ya dunia yakajaa jina la Keino, na hapo ndipo, kwa rai yangu, kumbukumbu ya Temu ilipoanza kufunikwa. Kati ya dhahabu tatu za Kenya mwaka ule, ya Temu ilikuwa ya kwanza, ya Amos Biwott katika kuruka viunzi na maji ikafuata, na ya Keino ilikuwa ya mwisho. Watu wakaanza kuhesabu kutoka mwisho.

Lakini liko jambo zito kuliko kusahauliwa, nalo ni shutuma. Baada ya michezo, wengi huko Ulaya na kwingineko walisema kuwa walioshinda Mexico hawakushinda kwa miguu bali kwa hewa. Kwamba watu wa milimani walipewa zawadi. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala si vyema kuuficha. Hewa ya Mexico ilimdhuru Clarke, na ilimfaa aliyezaliwa juu. Kwa wengi, dhahabu ya Temu ikawa kama mali isiyo halali sawasawa.

Sisi tuliopita chuoni tulifunzwa kuwa dai halisimami bila ushahidi, na mashahidi wawapo wawili hukumu hukatwa. Shahidi wangu wa kwanza ni Kingston. Kule hapakuwa na mlima wala hewa nyembamba. Palikuwa na joto la pwani, ambalo ni adui wa mtu wa Nyamira kama baridi ya Nyamira ilivyo adui yangu mimi. Clarke alikuwa mzima, mwenye nguvu zake zote, na Temu alimshinda kwa umbali ambao kila jicho liliuona. Kama hewa ndiyo iliyokimbia Mexico, nani aliyekimbia Kingston?

Shahidi wa pili ni waliomfuata. Mwaka 1972 Kenya ilichukua dhahabu ya kupokezana mita 400 mara nne kule Munich, na katika wale wanne watatu walikuwa wana wa Kisii: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang. Kisha akaja Yobes Ondieki, bingwa wa dunia wa mita 5000 mjini Tokyo mwaka 1991, na mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, mjini Oslo tarehe 10 Julai 1993. Tokyo ni mji wa bahari, na Oslo vivyo hivyo. Kwa mashahidi hawa wawili naiona kesi imekwisha.

Temu mwenyewe hakupata tena ushindi mkubwa baada ya Mexico. Kule Edinburgh mwaka 1970 aliachwa mbali, na miaka michache baadaye akatundika viatu. Serikali ilimpa shamba huko Nyamira, akaishi maisha ya mkulima, hana makeke. Saratani ya tezi dume ilimwandama, na tarehe 10 Machi 2003 alifariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 57. Alizikwa nyumbani kwake.

Eldoret pana uwanja wenye jina la Keino, na ni haki yake. Temu hadai kupewa cha mwenziwe. Anadai jambo dogo, nalo ni deni juu ya walimu na wazazi, wa bara na wa pwani: mtoto akiuliza nani aliyeanza, aambiwe ni Naftali Temu wa Nyamira, na akisikia habari ya hewa ya Mexico, aambiwe pia habari ya Kingston.