Santuri ya Marehemu wa Unguja

Tarehe 6 Novemba 1995, miaka minne kasoro wiki chache baada ya kifo cha mwimbaji wake, bendi ya Queen ya Uingereza ilitoa santuri mpya yenye sauti ya marehemu huyo. Santuri hiyo iliitwa Made in Heaven. Marehemu ni Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara.

Jina lake visiwani humu ni la ubishi. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa hadharani na baadhi ya wananchi kwa sababu ya maisha yake ya faragha. Novemba 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani, na watalii wakaja. Wanaompinga na wanaomfanyia biashara, aghalabu wote hawaizungumzi kazi yake. Sisi leo tunataka kuizungumza kazi, na hasa ile aliyoiacha haijamalizika.

Wazee wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroaster. Baba alikuwa mshika fedha wa Mahkama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Alipofikia umri wa miaka minane mtoto alipelekwa Bara Hindi, katika skuli ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, na huko akajifunza piano, akaunda na wanafunzi wenziwe bendi iliyoitwa The Hectics. Alirejea Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa nzima ilihamia Feltham, magharibi ya London. Hapana haja ya kulipaka rangi jambo hili: waliondoka kwa khofu kama walivyoondoka wengi, naye hakurudi tena kuishi.

Huko Uingereza alisomea uchoraji wa matangazo katika chuo cha sanaa cha Ealing. Mwaka 1970 yeye, mpiga gita Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliunda Queen, na mwaka uliofuata akaingia John Deacon. Muziki wao ulikuwa wa roki, lakini Mercury aliupenda pia uimbaji wa opera, na mwaka 1975 alitunga Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita ambao sauti zake zilirekodiwa moja juu ya nyingine mara nyingi mpaka watu watatu wakasikika kama jopo zima la waimbaji. Ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Tunautaja kwa kuwa unaonesha tabia ya mtu: hakuwa mwimbaji wa kuimba akaenda zake, bali fundi aliyesimamia kila sauti hadi iwe vile alivyotaka.

Liko doa ambalo hatuwezi kulipita. Oktoba 1984, wakati Umoja wa Mataifa umewataka wasanii waisusie Afrika ya Kusini ya makaburu, na nchi yetu ikiwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele, Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika kijinchi bandia cha Bophuthatswana. Walijitetea kwamba wao ni watu wa muziki, si wa siasa. Utetezi huo ulikuwa dhaifu hata siku zile, na kwa mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Afrika ulikuwa dhaifu zaidi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaingiza katika orodha ya wasanii waliovunja mgomo. Mwaka mmoja haukutimia, tarehe 13 Julai 1985, watu hao hao walisimama katika uwanja wa Wembley kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia, na dakika zao ishirini hivi bado zinakumbukwa kuliko za mwengine yeyote siku ile. Yote mawili ni yake.

Mwaka 1987 aliambiwa kwamba ana virusi vya Ukimwi. Ugonjwa huo siku zile ulikuwa ni aibu hata kuutaja, naye aliuficha. Alichokifanya badala ya kulalamika ni kufanya kazi. Katika miezi ya mwanzo ya 1991, akiwa amedhoofika sana, alikuwa akenda Montreux, Uswisi, ambako bendi ilikuwa na studio yake, akawataka wenziwe wampe maneno ya kuimba maadamu nguvu zipo, na wao watakuja kumalizia muziki baadaye. Brian May alikuwa akiandika mistari, naye akiiimba mmoja mmoja, huku mashine ikimpigia mapigo ya ngoma. Mwezi wa Mei waliurekodi hivyo wimbo uitwao Mother Love. Ulipobaki ubeti wa mwisho alichoka, akaahidi kuumalizia siku nyengine. Siku hiyo haikuja. Tarehe 23 Novemba alitangaza ugonjwa wake, na jioni ya pili yake akafariki London akiwa na umri wa miaka 45.

Kanda za Montreux hazikutosha kuijaza santuri, kwa hiyo wenziwe walirudi katika maghala yao. Nyimbo mbili, Made in Heaven na I Was Born to Love You, Mercury alizitoa peke yake mwaka 1985. Waliichukua sauti, wakauweka kando muziki wa zamani na kuupiga upya wao wenyewe. Too Much Love Will Kill You ulikuwa umerekodiwa miaka ya mwisho ya themanini ukaachwa kwa mzozo wa haki za utunzi. It's a Beautiful Day ulitokana na kipande kifupi alichokipiga kwenye piano huko Munich mwaka 1980. You Don't Fool Me ulishonwa na mtayarishaji wao, David Richards, kutokana na vipande vya sauti, mfano wa mshoni anayetoa kanzu katika mabaki ya kitambaa.

Swali ni hili: je, hiyo ni kazi ya marehemu? Jawabu letu ni ndiyo, na dalili tunaiona katika Mother Love. Ubeti uliokosekana hawakumtafuta mtu wa kuiga sauti yake. May aliuimba kwa sauti yake mwenyewe, na msikilizaji anapata kujua mahali hasa alipoishia mwenziwe. Fauka ya hayo, walikuwa na agizo lake kwamba wamalizie, na walikuwa washirika wake wa miaka ishirini.

Tofauti yake inaonekana katika Living on My Own. Wimbo huo ulipotoka 1985 haukupita nafasi ya 50 Uingereza. Mwaka 1993 watengenezaji wengine waliutia mapigo ya kuchezea dansi, ukashika nafasi ya kwanza. Hatusemi kwamba haukuwa na ruhusa. Lakini ruhusa ya warithi ni jambo moja na shauri la marehemu ni jingine, na fundi yule aliyesimamia kila sauti hakuwapo kukataa. Mwaka 2000 lilitoka kasha la santuri kumi lililokusanya hata majaribio yake ya studio, na mwaka 2022 bendi ikatoa Face It Alone, wimbo uliosalia tangu 1988.

Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, naye alifariki 1950. Waimbaji wetu wengi wa taarab waliomfuata wameacha sauti katika kanda, na leo kijana mwenye kompyuta anaweza kuutia ngoma mpya wimbo wa bibi aliyekwisha kuzikwa. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 2003. Tungewaomba maofisa wanaohusika wawaendee wasanii wazee wangali hai, waandike kwa kila mmoja kanda ipi anaridhia ikamilishwe na mkono wa nani, na ipi ibaki kama ilivyo. Ama jumba la Shangani, mtoto wa skuli anayepelekwa huko na aelezwe habari za Sun City, na aelezwe pia ule ubeti alioumalizia May.