Mjue William Hall, Mtu Mweusi wa Kwanza Kupata Msalaba wa Victoria, Aliyezikwa Bila Hata Jina Kaburini

Pengine kwenu ushago kuna mzee kama huyu. Asubuhi shambani, jioni ameketi nje, na hakuna mtu humuuliza stori za ujana wake. Siku ya mazishi ndio mnashtuka alikuwa nani. William Hall, hata mazishi yake hayakushtua mtu.

Alizaliwa miaka ya 1820 huko Nova Scotia, Kanada. Buda yake, Jacob, alikuwa mtumwa Marekani. Vita vya 1812 vilipochacha, meli ya kivita ya Uingereza ilimbeba ikampeleka Nova Scotia, akawa mtu huru. Kwa hivyo usishangae kijana alipenda meli. Alianza kwa kazi ya mikono, akijenga meli za mbao pale Hantsport, kisha akaingia baharini mwenyewe. Mwaka wa 1852 akajiunga na jeshi la wanamaji la Uingereza. Akapigana vita vya Crimea, akatoka mzima.

Sasa cheki siku iliyompa jina: 16 Novemba 1857, mjini Lucknow, India. Wanajeshi wa Kihindi walikuwa wameasi utawala wa Waingereza. Hall na wenzake wa meli ya Shannon walisafirisha mizinga mizito kutoka pwani hadi huko bara, na siku hiyo wakaambiwa watoboe ukuta wa Shah Najaf. Waliusogeza mzinga karibu kabisa, risasi zikiwanyeshea. Wasee wakaanguka mmoja mmoja, hadi waliobaki kazini wakawa wawili tu: Hall na ofisa wake, Thomas Young. Mzinga ukifyatuka unarudi nyuma. Unausukuma tena, unaujaza, unafyatua. Manze, walifanya hivyo hadi ukuta ukatoboka.

Mwaka wa 1859 Hall akavishwa Msalaba wa Victoria, medali ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza.

Najua unachowaza: si alikuwa akipigania mkoloni? Ndio, na Wahindi wana haki ya kuisimulia siku hiyo kivyao. Lakini kumbuka ni meli ya hao hao iliyomtoa babake utumwani. Wewe ungekuwa upande gani?

Akastaafu 1876, akarudi nyumbani, akalima na dada zake pale Avonport. Hakuoa. Mwaka wa 1901, mwana wa mfalme, yule aliyekuja kuwa George wa Tano, alizuru Halifax. Kwenye gwaride la wanajeshi wakongwe akaona ule msalaba kwa kifua cha mzee mweusi, akataka kujua ni nani.

Miaka 3 baadaye, Agosti 1904, mzee akafariki. Hakupewa heshima za kijeshi. Hata jiwe lenye jina lake hawakuweka. Alilala hivyo miaka 41, hadi 1945 mwili ulipohamishiwa uwanja wa kanisa la Baptist pale Hantsport. Mnara wake ukazinduliwa 1947. Baadaye sura yake ikawekwa kwa stempu, na leo jeshi la wanamaji la Kanada lina meli inayoitwa William Hall.

Ni poa, lakini yeye hakuona hata moja ya hizo. Kwa hivyo ukifika ushago Disemba, weka simu chini, keti na yule mzee, umuulize alifanya kazi gani akiwa na miaka yako. Muulize akiwa bado anaweza kujibu.