Umar bin Abdul-Aziz: Khalifa Aliyezima Taa

 

Ndugu Waislamu, kuna swali ambalo watu wamekuwa wakibishania kwa miaka mingi: je, anayewahimiza wenzake kupunguza matumizi ya umeme, mafuta na kuni, analazimika yeye mwenyewe kuishi kwa nasaha hiyo? Swali hili lilivuma sana mwaka 2007 nchini Marekani. Bwana Al Gore, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo, alikuwa amepata sifa kubwa kwa filamu yake ya kuonya juu ya kuongezeka kwa joto duniani. Taasisi moja ya jimbo lake la Tennessee ikatangaza kwamba nyumba yake ilitumia umeme wa takriban uniti 221,000 katika mwaka 2006, zaidi ya mara 20 ya wastani wa nyumba ya Marekani. Upande wake ukajibu kwamba alikuwa akilipia umeme utokanao na vyanzo visivyochafua hewa. Wengine wakasema kwamba onyo lake basi halina maana. Wengine wakasema kwamba ukweli haugeuki kuwa uongo kwa sababu ya matendo ya anayeusema.

Kabla ya kutoa hukumu, tumtazame mtu aliyeishi miaka 1,300 iliyopita, ambaye aliwaamrisha watumishi wa dola yake kupunguza mishumaa na karatasi. Huyo ni Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (Rahimahullah).

Umar alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 60 Hijria, sawa na miaka ya 680 Miladia, katika ukoo wa Banu Umayya uliokuwa ukitawala. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa takriban miaka 20. Kwa upande wa mama alikuwa kitukuu cha Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.). Alipelekwa Madina kusoma, akawekwa chini ya uangalizi wa mwanachuoni Salih bin Kaysan. Yasimuliwa kwamba siku moja kijana huyu alichelewa Swala kwa sababu mtumishi alikuwa akimchana nywele. Mwalimu akampelekea habari baba yake Misri, na baba akatuma mtu Madina kumnyoa kichwa mwanawe.

Pamoja na malezi hayo, Umar alikua akipenda anasa. Mavazi yake yalikuwa ya thamani, manukato yake yalijulikana kabla hajafika, na mwendo wake wa maringo uliigwa na vijana. Alimwoa Fatima binti Abdul-Malik, binti wa Khalifa na dada wa makhalifa. Mwaka 87 Hijria (706 Miladia) akafanywa gavana wa Madina, akaunda baraza la mafaqihi kumi ambao hakukata jambo kubwa bila ya ushauri wao. Basi alikuwa mwadilifu tangu wakati huo, ila hakuwa mtu wa kujinyima.

Mabadiliko yalikuja mwaka 99 Hijria (717 Miladia). Khalifa Sulayman bin Abdul-Malik alifariki huko Dabiq, Sham, na wasia wake uliposomwa na Raja' bin Haywa, jina lililotajwa lilikuwa la Umar. Aliletewa farasi wa msafara wa kifalme, akawakataa na kupanda nyumbu wake. Farasi wale wakauzwa na thamani yao ikaingizwa katika Baytul-Mal, yaani hazina ya Waislamu. Kisha akamgeukia mkewe. Fatima alikuwa na kito cha thamani kubwa alichopewa na baba yake, na Umar akamtaka achague baina ya kito kile na kuishi pamoja naye. Fatima akamchagua mumewe, na kito kikaenda katika hazina. Baada ya Umar kufariki, kaka yake aliyerithi utawala alitaka kumrudishia, lakini Fatima akakataa.

Ni baada ya kuanza na nyumba yake ndipo alipowageukia magavana. Abu Bakr bin Hazm, gavana wa Madina, alikuwa ameomba apewe fungu la mishumaa na karatasi kama walivyopewa waliomtangulia. Ombi lilikuwa limepelekwa kwa Sulayman, na jibu likatoka kwa Umar. Alimkumbusha kwamba alimjua zamani akitoka nyumbani kwake katika usiku wa giza wa majira ya baridi bila ya taa, na kwamba mwanga wa taa za nyumbani kwake ungemtosha. Kuhusu karatasi, alimtaka achonge kalamu iwe nyembamba, abananishe maandishi na kuyakusanya mahitaji mengi katika waraka mmoja. Huyu ndiye Abu Bakr yule yule ambaye Umar alimwagiza akusanye na kuandika Hadithi za Mtume (S.A.W.) kwa kuchelea elimu isipotee. Hakuwa bakhili wa karatasi, bali alijua karatasi inastahiki kutumika wapi.

Je, huyu aliyewakatia wenzake mishumaa, usiku wake mwenyewe ulikuwaje? Yasimuliwa kwamba mjumbe kutoka jimbo moja alimfikia usiku. Umar akawashiwa mshumaa mkubwa, akamhoji kwa urefu kuhusu hali za watu, bei za sokoni na mwenendo wa gavana. Mjumbe alipomaliza, naye akamuuliza Khalifa kuhusu afya yake na familia yake. Hapo hapo Umar akauzima mshumaa na kuagiza taa ndogo iliyotoa mwanga hafifu. Mgeni akastaajabu. Umar akamweleza kwamba ule mshumaa ulikuwa wa mali ya Waislamu, nao uliwaka wakati wakizungumza mambo ya Waislamu. Mazungumzo yalipogeuka kuwa ya nyumbani kwake, basi iwake taa ya nyumbani kwake.

Na kuhusu kuni, mtumishi wake alikuwa akimletea maji ya moto ya kutawadhia. Siku moja Umar akauliza yanapashwa wapi moto, akaambiwa ni katika jiko la umma. Aliamuru zihesabiwe kuni zilizotumika kwa siku zote zile, kisha zirudishwe jikoni kwa gharama yake.

Umar alitawala kwa takriban miaka miwili na nusu tu. Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (720 Miladia), hajapita miaka 40 au karibu yake, akazikwa Dayr Sim'an katika ardhi ya Sham.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tuzingatie kwamba Umar hakukaa gizani alipokuwa akimhoji mjumbe. Aliwasha mshumaa mkubwa, kwa sababu kazi ya umma ilihitaji mwanga. Kwa hiyo si haki kumlaumu mtetezi wa mazingira kwa sababu tu amepanda ndege kwenda mkutanoni, au amewasha taa usiku akiandika onyo lake. La kumuuliza ni hili: kazi inapokwisha na yakabaki mambo ya nafsi yake, ile taa kubwa anaizima? Hapo ndipo mkweli anapojulikana.

Ni kweli pia kwamba nasaha sahihi hubaki sahihi hata ikitoka kwa asiyeitenda. Mwizi akikwambia kwamba wizi ni haramu, amesema kweli. Lakini Allah (S.W.) katika Suratus-Saff amewakemea vikali waumini wanaosema wasiyoyatenda, na wala haikuwa ruhusa kwa msikilizaji kuiacha haki. Basi dhambi ya msemaji ni yake, na wajibu wa msikilizaji unabaki pale pale. Ila Abu Bakr bin Hazm angaliweza kuupuuza waraka ule kama angalijua kwamba kasri la Khalifa lawaka mishumaa hadi alfajiri. Hakuwa na pa kushika.

Nasi tujitazame majumbani mwetu. Baba anayewafokea watoto kwa kuacha taa zikiwaka, naye amelala na televisheni ikizungumza peke yake, asishangae wasipomsikia. Mfanyakazi ajiulize kuhusu kiyoyozi cha ofisi kinachovuma chumba kikiwa kitupu. Na msikitini, feni zinazozunguka baada ya Swala zalipiwa kwa sadaka za Waislamu, na mlango wa kutokea uko karibu na swichi.

Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kutenda tunayoyasema. Amin. Wabillahi tawfiq.